Nani Ashike Uteo? Namna ya Kupanga Upembuzi wa Ziwa Turkana

Sokoni Kangemi, kando ya barabara ya Waiyaki, yupo mama muuza nafaka ambaye hakupimii gorogoro ya ndengu kabla hajashika uteo. Humwaga ndengu humo, huzirusha mara mbili tatu pumba zikapeperuka, kisha hutikisa taratibu mpaka vijiwe vijikusanye ukingoni. "Ngoja nikupembulie, usije ukanidai jino," huniambia. Ndipo hujaza gorogoro, akaongeza na kiganja kimoja juu yake.

Kutokana na kazi hiyo ya mikono, Kiswahili kimepata jina la kazi nzito ya wahandisi na wachumi: upembuzi yakinifu. Kabla ya kujenga bwawa au reli, watu hukaa wakatenga punje na mawe: lipi linawezekana, kwa gharama gani, na nani ataumia. Jina hilo lina masharti mawili ambayo mama wa Kangemi hayavunji. Kupembua hutangulia mauzo, na hufanyika mbele ya macho ya mnunuzi. Tuyachukue masharti hayo tuyapeleke kaskazini, Ziwa Turkana, ambako kwa muda wa miaka 20 hivi Kenya na Ethiopia zimekuwa zikipembua kila moja kwake.

Mtu wa Nairobi asiseme hayamhusu. Novemba 2022 Kenya ilianza kununua umeme wa Ethiopia kupitia laini ya kilovolti 500 yenye urefu wa kilomita 1,045, kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa, magharibi mwa vilima vya Ngong. Ukishaingia Suswa, umeme huo huchanganyika na mwingine ukaelekea mjini. Umeme hauna lebo. Aliyenunua tokeni Kawangware hawezi kujua kama balbu yake inawaka kwa mvuke wa Olkaria, kwa upepo wa Loiyangalani au kwa maji ya mto Omo. Lakini Omo umo, kwa sababu juu ya mto huo limejengwa bwawa la Gibe III, lenye kimo cha mita 243 na mitambo ya megawati 1,870, moja ya nguzo za gridi ya Ethiopia. Na Omo ndio mto unaolilisha Ziwa Turkana.

Karai lisilo na tundu

Weka karai la maji nyuma ya nyumba, juani. Chini halina tundu, lakini jioni maji yamepungua. Tia kijiko cha chumvi, ungoje. Siku maji yatakapobaki nusu, chumvi itakuwa palepale, na ukionja utaikuta kali maradufu.

Turkana ni karai la namna hiyo. Lina urefu wa kilomita 250 hivi na eneo la karibu kilomita za mraba 7,000, na hakuna mto unaotoka humo. Miaka elfu kadhaa iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi, lilijaa mpaka likafurika kuelekea bonde la Nile, na ndiyo maana mbuta na jamaa zake wengine wa Nile wanaogelea katikati ya jangwa. Leo mlango huo umefungwa. Jua hunywa zaidi ya mita mbili za kina chake kila mwaka, na Omo huzirudisha, kwani asilimia 80 hadi 90 ya maji yanayoingia hutoka huko. Turkwel na Kerio, mito ya upande wa Kenya, huchangia kidogo, tena kwa msimu.

Kutokana na picha hiyo ya karai yanazaliwa mambo matatu ambayo upembuzi wowote lazima uyashike.

Jambo la kwanza ni kiasi cha maji. Hapa watu huchanganya bwawa na shamba. Bwawa likishajaa, maji yanayopita kwenye mitambo huendelea na safari yake. Hukawia, lakini sehemu kubwa hufika. Shamba la miwa linakunywa, na linachokunywa hakirudi chote. Mpango wa awali wa mashamba ya sukari ya Kuraz, chini ya Gibe III, ulitaja hekta 245,000, eneo la mara tatu na nusu ya kaunti nzima ya Nairobi. Baadaye ulipunguzwa, lakini hesabu ya ziwa inategemea zaidi mashamba hayo kuliko ukuta wa bwawa.

Jambo la pili ni chumvi. Maji ya Turkana yana takribani gramu 2.5 za chumvi katika kila lita. Kiwango ambacho wanasayansi wengi huanzia kuliita ziwa la chumvi ni gramu 3. Piga hesabu: ziwa likipoteza sehemu moja ya tano ya ujazo wake, chumvi inapita 3. Watu na mifugo wanaoyanywa maji hayo hawahitaji hesabu. Hata leo yana magadi, na madini ya floridi yaliyomo huacha madoa kwenye meno ya watoto.

Jambo la tatu ni majira, nalo ndilo husahaulika. Mafuriko ya Omo hushuka kati ya Agosti na Oktoba hivi, yakibeba tope na rutuba. Samaki huyangoja ili wazaliane kwenye maji ya kina kifupi. Wadassanech wa karibu na mdomo wa mto huyangoja ili wapande mtama kwenye tope yanapopungua. Bwawa la umeme hupenda kinyume chake: mtiririko uliosawazishwa, sawa Januari sawa Septemba, kwa sababu mji huwasha taa mwaka mzima. Kwa hiyo hata tone lisipopotea, ziwa laweza kupata maji yote na bado likakosa msimu.

Teo mbili

Ujenzi wa Gibe III ulianza 2006. Tathmini yake ya mazingira ilikamilika 2009, kazi ya ujenzi ikiwa tayari inaendelea. Tathmini hiyo iliona kwamba ziwa halingeumia sana, tena lingeweza hata kunufaika, na ikaahidi mafuriko ya kupangwa ya siku 10 kila mwaka badala ya yale ya asili. Ndengu zilishapimwa, zikatiwa mfukoni, ndipo uteo ukaletwa.

Upande wa Kenya, Benki ya Maendeleo ya Afrika ilimwagiza mtaalamu wa maji Sean Avery alitazame ziwa lenyewe, na ripoti yake ikatoka 2010. Yeye na waliomfuata walionyesha kuwa kulijaza bwawa kungelishusha ziwa kwa muda, lakini umwagiliaji mkubwa ungelishusha kwa kudumu, tena kwa mita nyingi. Hapo ndipo jina la Bahari ya Aral, ziwa la Asia ya Kati lililokaushwa na umwagiliaji, lilipoanza kutajwa. Ripoti hizo mbili zilihusu maji yaleyale, lakini ya kwanza ilianzia kwenye bwawa ikashuka, ya pili ikaanzia kwenye ziwa ikapanda. Hazikukutana, kwa sababu hakuna meza iliyowekwa ili zikutane.

Katikati ya Nairobi jambo hilo lilifika mahakamani. Shirika la Friends of Lake Turkana, lililoanzishwa na Ikal Angelei, lilishtaki serikali likitaka mikataba ya kununua umeme wa Ethiopia iwekwe wazi. Mei 2014 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba serikali ina wajibu wa kutoa taarifa hizo na wa kulilinda ziwa katika mashauriano yake na jirani. Ulikuwa ushindi, lakini wenye ukuta. Jaji wa Nairobi anaweza kufungua kabati la Nairobi, la Addis Ababa hawezi.

Januari 2015 bwawa lilianza kujazwa. Miaka miwili baadaye Human Rights Watch, ikitumia vipimo vya setilaiti, ilisema ziwa limeshuka kwa karibu mita 1.5, na kwamba kwenye Ghuba ya Ferguson, karibu na Kalokol, ufuo umerudi nyuma hadi kilomita 1.7. Mita moja na nusu yaonekana ndogo mpaka ukumbuke kuwa ghuba hiyo ni kama sahani, na humo ndimo samaki wengi huzaliana. Juni 2018 Kamati ya Urithi wa Dunia, katika kikao chake cha Manama, Bahrain, iliziingiza hifadhi za taifa za Ziwa Turkana kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini. Kwa miaka kadhaa kabla yake kamati hiyo ilikuwa ikizitaka nchi hizi mbili zifanye tathmini moja ya pamoja ya bonde zima.

Ziwa likaanza kupanda

Halafu mvua za 2019 na 2020 zikaja, na maziwa ya Bonde la Ufa yakavimba. Baringo lilimeza shule, Naivasha likaingia mitaani. Turkana nalo lilipanda. Upande wa Loiyangalani, kijiji cha Waelmolo cha Komote, kilichokuwa kikifikiwa kwa miguu, kikageuka kisiwa. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ya 2021 ilitabiri kwamba mafuriko makubwa yaliyokuwa nadra yatakuwa ya kawaida.

Wengi walipumua: kumbe hofu ilikuwa bure. Hapa msomaji asikimbie. Karai lisilo na tundu huitika kila linapoguswa. Mvua ikizidi Ethiopia, maji hupanda kila ufuo, bwawa liwepo lisiwepo. Mvua ikipungua hushuka, na hapo ndipo kila hekta ya miwa huhesabika. Kupanda kwa ziwa kulionyesha nguvu ya mvua. Hakukuonyesha kwamba bwawa na mashamba havina uzito. Tena kulifichua kosa la swali lenyewe. Tulikuwa tukiuliza, "Je, ziwa linakauka?" Mwaka wa ukame jibu ni ndiyo, mwaka wa gharika ni hapana, na katika miaka yote miwili mvuvi wa Kalokol hajui ni lini maji yatafunguliwa huko juu.

Kupanga upembuzi

Sasa tuseme wataalamu wa nchi mbili wameketi Nairobi kuandaa hadidu za rejea. Wangeanzia wapi?

Waanze na swali. Gibe III limeshajengwa na halitabomolewa. Kinachoweza kupembuliwa ni kanuni ya kufungulia maji: kiasi gani, mwezi gani, na kwa hasara ipi ya umeme. Hilo lina hesabu safi. Maji yanayopita kwenye mitambo huzaa umeme, na yanayopitishwa pembeni ili kutengeneza mafuriko ya Septemba hayazai. Kwa hiyo kila siku ya mafuriko ina bei kwa megawati-saa, na kila siku isiyo na mafuriko ina bei kwa tani za samaki na magunia ya mtama. Kuziweka bei hizo mbili kwenye ukurasa mmoja ndiyo maana ya yakinifu.

Kisha wachore ramani. Bonde hili si la Omo na ziwa tu, maana linagusa hata Uganda na Sudan Kusini. Na Kenya isijifanye mgeni wa mabwawa. Bwawa letu la Turkwel, lililoanza kazi 1991, limekaa juu ya mto wa pili wa ziwa hilihili, na lilichukua karibu miaka 30 kukaribia kujaa, kinyume cha matumaini ya waliolipanga. Ukimwita jirani mezani umuulize kuhusu Omo, uwe tayari kuulizwa kuhusu Turkwel. Bwawa la Koysha, linaloendelea kujengwa chini ya Gibe III, nalo liingizwe kwenye ramani sasa, lisingoje kuzinduliwa.

Suala la tatu ni mwaka wa kuanzia hesabu, na hapa ndipo ugomvi utakapolala. Ukianzia miaka ya 1970, ziwa lilipokuwa juu, kila kitu baadaye ni hasara. Ukianzia mwisho wa miaka ya 1980, liliposhuka sana hata kabla ya bwawa lolote la Omo lenye ukubwa huo, kila kitu ni nafuu. Kalokol inalo kaburi la mtu aliyechagua mwaka mmoja. Mapema miaka ya 1980, kwa fedha za Norway, kilijengwa kiwanda cha kugandisha samaki kandokando ya Ghuba ya Ferguson. Kilidai umeme na maji safi ambavyo jangwa halikuwa navyo, kikafanya kazi kwa muda mfupi, na kabla ya muongo kwisha maji ya ghuba yenyewe yalikuwa yamerudi nyuma. Waliokipanga walilipima ziwa lilipokuwa limejaa, wakadhani hiyo ndiyo sura yake. Mpango wa leo hauna udhuru huo. Setilaiti zimekuwa zikipima kimo cha maziwa tangu 1992, kumbukumbu za mvua zipo Dagoretti Corner kwenye makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa, na Ethiopia ina zake. Zichukuliwe zote, mwaka mbaya na mwaka mwema, ziwekwe kwenye daftari moja.

Suala la nne ni vipimo vya kila siku. Kimo cha ziwa kinaonekana kutoka angani, lakini kiasi cha maji kinachoachiwa bwawani kinajulikana na mwenye bwawa. Bila vipimo vya mto karibu na mpaka, vinavyosomwa na pande zote mbili siku moja, kila mjadala utarudi kuwa neno langu na neno lako.

Mwisho ni nani atakayeshika uteo. Tathmini inayolipwa na mjenzi itamfaa mjenzi, na inayolipwa na mlalamikaji itamfaa mlalamikaji. Hapa inahitajika kamati ya pamoja, jopo huru la kuikagua, na sharti lililoandikwa tangu mwanzo kwamba kila rasimu itatolewa hadharani, katika lugha zinazosomwa na kusikika ufuoni na siyo ofisini pekee.

Kwa wenzetu

Dunia ina mifano miwili inayofaa kusomwa pamoja. Bahari ya Chumvi, kati ya Jordan, Israel na Ukingo wa Magharibi, hushuka kwa takribani mita moja kila mwaka. Pande hizo tatu, ambazo haziaminiani hata kidogo, zilikubali Benki ya Dunia isimamie upembuzi wa kuvuta maji kutoka Bahari ya Shamu. Kazi ilianza 2008, ikazaa ripoti nene, na njia mbadala zikachunguzwa kando baada ya wakosoaji kupiga kelele. Gharama iliyopatikana ilikuwa kama dola bilioni 10. Mwaka 2021 Jordan ilijiondoa. Wengi huuita mradi huo kushindwa. Kwa jicho la mpembuzi, sehemu yake moja ilifaulu: mahasimu walikubali seti moja ya takwimu, na jibu likatoka kabla zege halijamwagwa. Kilichokosekana ni siasa ya kulitekeleza, na hilo uteo hauwezi kulitoa.

Bahari ya Aral ilifundisha somo jingine. Kazakhstan iliacha kuota kuliokoa ziwa zima, ikajenga ukuta wa Kok-Aral, uliokamilika 2005, kuiziba sehemu ya kaskazini. Maji yalipanda, chumvi ikapungua, samaki wakarudi. Lakini ukuta huo ulikuwa ndani ya nchi moja, na sehemu ya kusini iliachwa ikauke. Turkana halina kaskazini ya kutenganishwa hivyo, kwa kuwa mdomo wa Omo uko mpakani na sehemu kubwa ya maji iko Kenya. Hatuna njia ya mkato ya kupitia peke yetu.

Ukurasa unaokosekana

Tuna kitu kimoja ambacho wa Bahari ya Chumvi hawakuwa nacho. Kenya ni mteja. Mwaka 2022 ilisaini mkataba wa miaka 25 wa kununua umeme wa Ethiopia, megawati 200 kwa miaka mitatu ya kwanza na hadi 400 baadaye. Mkataba wa kugawana maji ya Omo haupo. Nchi ambazo hazijawahi kukubaliana kuhusu mto tayari zinaongea kila siku kuhusu kinachozalishwa na mto, tena kwa vipimo ambavyo kila upande unaviamini, kwa sababu hakuna anayelipa stima asiyoiona kwenye mita.

Hapo ndipo upembuzi ungeweza kuanzia bila kungoja mkutano wa marais. Mteja anayechukua umeme wa Septemba ana haki ya kuuliza Septemba hiyo ililigharimu ziwa nini, na muuzaji anayetaka mteja wa miaka 25 ana sababu ya kumjibu. Daftari la megawati likiongezewa safu moja ya mita za ujazo zilizopita mpakani, mambo mawili ambayo tathmini zote zilizopita zilikosa yatakuwa yamepatikana: vipimo vya pamoja, na mtu mwenye maslahi ya kuvisoma.

Mama wa Kangemi huuza mpaka usiku, chini ya balbu moja iliyofungwa kwenye nguzo ya kibanda. Siku moja nilimuuliza kwa nini asipembue ndengu zote asubuhi kwake nyumbani, ili jioni, foleni inapokuwa ndefu, apime tu. Aliendelea kutikisa uteo.

"Nikipembua usipoona," akasema, "ukifika kwako utapembua tena."